Kufunga taa za ziada kwenye skuta: umeme utoke wapi, mwanga uangukie wapi

Kigoma inatumia saa moja na Dar es Salaam, ila iko mbali magharibi, kwa hiyo miezi mingi jua halichomozi hadi karibu saa 1 asubuhi. Anayewahi dagaa Kibirizi saa 11 alfajiri, au anayetoka Mwandiga saa 12 kuelekea mjini, anaendesha gizani kabisa, kati ya watembea kwa miguu na baiskeli za mkaa zisizo na taa wala riflekta. Taa moja ya skuta haitoshi hapo. Haitoshi kukuonyesha njia, na haimwambii dereva wa lori uko umbali gani, maana nukta moja ya mwanga ni ngumu kuipimia umbali. Taa 2 zikifungwa chini ya ile kubwa zinafanya pembetatu, na pembetatu inakua machoni kadiri unavyokaribia.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya umeme. Skuta nyingi za cc 110 hadi 150 zina betri ya volti 12 yenye ampea-saa 4 hadi 7. Taa ya mbele ya halojeni inakula wati 35, ya breki wati 21, indiketa wati 10 kila moja. Kinachobaki kwenye chaji ni kidogo. Kwa taa za mbele usizidishe wati 20 kwa jumla: taa 2 za LED za wati 10 kila moja. Namba ya kwenye boksi usiiamini. Mwombe muuzaji aiwashe kwa betri ya volti 12 huku mita ya umeme ikisoma ampea. Taa ya wati 10 za kweli itasoma karibu 0.8. Spoti za gari za halojeni, wati 55 kila moja, achana nazo. Mbili zinavuta zaidi ya ampea 9, na betri ya ampea-saa 7 haimalizi hata saa 1. Rangi chagua nyeupe ya kawaida au njano. Kwa vumbi jekundu na moshi wa kiangazi tunapendelea njano, kwa sababu ule mweupe wenye ubluu unachosha macho ukirudishwa na vumbi.

Vifaa vingine: rilei ya volti 12 yenye miguu 4 (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), kishikio cha fyuzi na fyuzi za ampea 5, swichi isiyopitisha maji, waya wa nyuzi nyingi wa milimita 1 ya mraba (mwekundu mita 3, mweusi mita 3), waya mwembamba mita 2 wa kuamsha rilei, vichwa vya duara vya kufunga kwenye betri, na zip tai. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usitumie. Mtikisiko unaukata ndani ya ganda lake na kwa nje huoni kitu.

Kosa linaloua taa nyingi ni kuchomeka kwenye waya wa taa kubwa. Kwenye skuta nyingi za zamani taa kubwa haipati umeme wa betri, inapata umeme wa kwenda na kurudi (AC) moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Ndiyo maana inafifia ukiwa sailensa na kung'aa ukivuta mafuta. LED ikiunganishwa hapo inapepesa, kisha inakufa. Kupima ni rahisi: washa injini, weka mita kwenye volti za AC, gusa waya wa taa kubwa na erthi (chuma kitupu cha fremu). Ikisoma volti 10 na zaidi, usiuguse waya huo. Chukua umeme kwenye betri.

Anza kwa kufungua waya wa hasi wa betri, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu itapiga cheche. Rilei ina namba kwenye miguu. Mguu 30 unapokea chanya ya betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 kutoka betri. Waya ulioko kabla ya fyuzi hauna kinga yoyote. Mguu 87 unakwenda kwenye chanya ya taa zote 2. Mguu 85 nenda nao hasi. Mguu 86 unatoka kwenye swichi yako, na swichi nayo inapata umeme wa waya unaopata chaji funguo ikiwashwa tu, kwa mfano ule wa honi au wa swichi ya breki. Hapo hata ukisahau swichi, ukitoa funguo taa zinazima. Hasi za taa zirudishe hadi kwenye hasi ya betri, usizifunge kwenye bolti ya fremu iliyopakwa rangi. Rangi na kutu havipitishi umeme, na ndiyo chanzo cha taa kupepesa kila indiketa inapowaka.

Maungio yachomelewe kwa risasi ya kuyeyusha kisha yafunikwe kwa kimirija kinachosinyaa kwa moto. Tepu peke yake inalainika kwenye joto na kuachia. Rilei ikae miguu ikitazama chini ili maji yasituame. Waya unaopita kwenye shingo ya usukani uachie ulegevu: geuza usukani hadi mwisho kulia, halafu hadi mwisho kushoto, na hakikisha hauvutwi wala haubanwi popote. Swichi iweke mahali dole gumba la kushoto linafika bila kuachia breki.

Taa zenyewe usizifunge kwenye plastiki tupu, itapasuka. Mchomeleaji akukatie vipande 2 vya chuma bapa, unene milimita 3, upana milimita 25, uvifunge kwenye chuma kilicho nyuma ya ngao ya mbele. Tanguliza kipande cha mpira wa tyubu kati ya chuma na chuma, na utumie nati zenye nailoni ndani.

Sasa kulenga, na hapa usiharakishe. Jioni simamisha skuta kwenye sakafu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo wake kamili. Chora kwa chaki mstari ukutani wenye kimo sawa na taa, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Kitovu cha mwanga kikae kwenye mstari wa chini. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini itafika kama mita 35 mbele. Lakini pima ukiwa umekaa, na kama unabeba abiria, pima abiria akiwa nyuma. Nyuma ya skuta ikishuka sentimita 3 tu, mwanga unapanda karibu sentimita 12 kwenye ukuta ule. Zile 10 zote zimeliwa, na sasa unammulika machoni anayekuja. Aliyepofushwa hakuoni wewe, na wala hamwoni mtoto aliye pembeni yako. Ukipishana na mtu zima spoti, hasa kwenye vilima vya barabara ya Manyovu, ambako kila kilele kinanyanyua mwanga wako juu.

Nyuma, taa 1 nyekundu ya LED ya wati 2 inatosha. Chanya yake iunge kwenye mguu 87. Bandika pia riflekta ya utepe, nyekundu nyuma, nyeupe au njano ubavuni. Haili umeme na inafanya kazi hata injini ikizima. Mbele usiweke nyekundu, na taa za bluu zinazowaka na kuzima waachie polisi na ambulansi.

Ukimaliza, pima betri. Injini ikiwa na mwendo wa kati na taa zote zikiwaka, isome volti 13.2 hadi 14.7. Ikisoma chini ya 12.8 unakula akiba. Punguza wati au mwone fundi akague rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri. Fyuzi ikikatika mara tu ukiwasha, tafuta waya mwekundu uliobanwa, na anzia shingoni. Usiikuze fyuzi iwe ya ampea 15, utaunguza waya badala ya fyuzi. Taa 1 ikizima na nyingine ikabaki, kagua ungio lake la hasi kwanza. Ukungu ndani ya kioo unaonyesha mpira wa taa umeachia: ifungue, ikauke juani, izibe kwa silikoni, na siku ya kuosha usiielekezee mashine ya presha. Fyuzi 2 za akiba zikae chini ya kiti.