Kabla hujalipa laki kwa foki kavu ya baiskeli ya zamani

Mwaka 2013 fundi mmoja wa Ngarenaro, hapa Arusha, alinipa bure foki ya Tange, kampuni ya Kijapani; foki ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Alikuwa akiiegemeza kwenye mlango wa banda lake ili upepo usiufunge. Mwezi uliopita nimetajiwa laki moja na ishirini kwa Tange nyingine, yenye kutu shingoni, na muuzaji hakutaka kushuka hata elfu tano. "Hizi ni za zamani, bosi," akaniambia, kana kwamba uzamani ni madini.

Naongelea foki za chuma zisizo na shokapu za baiskeli za mlima za miaka ya 1980 na 1990. Mimi naziita foki kavu. Kupanda kwake bei hakuna uchawi. RockShox walitoa shokapu yao ya RS-1 mwaka 1989, na baada ya miaka michache kila mtu akataka foki inayobonyea. Zile kavu zikafunguliwa na kutupwa. Leo shokapu nyingi za enzi zile zimekufa, raba zimeoza, mafuta yamevuja, vipuri havipo. Mwenye fremu nzuri ya wakati huo anarudi kutafuta kilichotupwa. Huko Ulaya na Marekani kuna wanaozikusanya, na wengine wanazigeuza baiskeli za safari ndefu. Mfanyabiashara wetu wa mitumba naye ana simu, anachungulia bei za huko kabla hajafungua mdomo.

Kama bado unaitaka, nenda sokoni na futi ya chuma, kitambaa, mafuta kidogo ya taa na kipande cha chaki.

Anza na bomba linaloingia kwenye shingo ya fremu. Unene wake ni milimita 25.4, 28.6 au 31.8, na haulazimishwi. La 31.8, ambalo utalikuta kwenye baadhi ya baiskeli za Gary Fisher, liache hata ukipewa bure, labda fremu yako iwe ya kipimo hicho, maana vikombe vyake vya gololi vitakuzungusha mji mzima. Urefu wa bomba nao upime dhidi ya shingo ya fremu yako pamoja na vikombe. Refu linakatwa. Fupi halina dawa, na fundi akikwambia ataliunga kwa kuchomelea, mshukuru uondoke. Meno yako unayahitaji.

Sasa kipimo ambacho wengi hawakipimi: kutoka katikati ya ekseli mpaka begani, pale kikombe cha chini kinapokaa. Foki za kabla ya shokapu huwa karibu milimita 395. Zilizotengenezwa baadaye, kwa fremu zilizokwisha kuzoea shokapu, hufika 410, 430 hata zaidi. Kila milimita 20 hivi hubadilisha mlalo wa shingo kwa digrii moja. Mimi niliweka ile ya bure kwenye fremu iliyotaka ndefu. Mbele kukainama, usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, pedali zikashuka. Kwenye njia ya mawe juu ya Sakina pedali ya kulia ilinasa jiwe nikaenda chini na bega. Ukikosea upande wa pili, ukaweka ndefu kwenye fremu ya zamani, gurudumu la mbele litazurura ukipanda mlima.

Breki angalia upesi tu: fremu za wakati ule hutumia breki za pembeni mwa ringi, kwa hiyo foki lazima iwe na vile vichomozo viwili vya kufungia.

Nyufa ndizo za kuchukulia muda. Futa bega na maungio yote, paka mafuta ya taa, subiri robo saa ukipiga soga na muuzaji, kausha kabisa, kisha sugua chaki. Penye ufa mafuta yatajitokeza na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Ukiuona, hapo hakuna punguzo la kujadili. Washa tochi ya simu umulike ndani ya bomba, kutu hupenda kujificha humo. Halafu itazame kwa ubavu: miguu iliyorudi nyuma imegonga kitu. Kujua kama imepinda upande, funga gurudumu, angalia limelalia wapi, kisha ligeuze kushoto kuwa kulia. Likilalia upande uleule, foki imepinda. Likihama, kosa ni la ringi.

Kuhusu ulaini, utaambiwa miguu iliyopinda mbele ndiyo inayomeza mashimo. Siamini. Ule mpindo ni wa kuweka ekseli mbele ya mstari wa shingo, na ndio unaoamua wepesi wa usukani, na foki ya Project Two ya Kona ina miguu iliyonyooka kabisa, imeinamishwa tu kuanzia begani, na haijawahi kuniumiza mikono. Kinachosaidia ni chuma chembamba kinachosinyaa kuelekea chini. Ndiyo maana foki ya Pepperoni ya Cannondale, alumini nene, ilinitetemesha mpaka meno. Hata hivyo chuma kizuri hupunguza mtetemo mdogo tu wa barabara ya vumbi. Ukigonga jiwe, umeligonga. Nilipopunguza upepo kutoka PSI 55 mpaka 30, kwenye tairi la inchi 2.1 na uzito wangu wa kilo 72, nilipata ulaini ambao hakuna foki iliyowahi kunipa.

Ile ya laki na ishirini niliipaka mafuta ya taa mbele ya mwenyewe. Chaki ilibaki nyeupe. Futi ikasema 432, fremu yangu ya sasa inataka 395. Nikamrudishia. Kesho yake nilipopita haikuwepo.