Kitabu chako kimeondolewa mtandaoni kimakosa: jinsi ya kuwasilisha taarifa ya pingamizi

Nilikuwa nimepiga picha, ukurasa kwa ukurasa, mwongozo wa zamani wa kujalidi vitabu uliochapishwa Marekani mwaka 1926, nikauweka mtandaoni ili mafundi na wanafunzi wausome bure. Miezi michache baadaye ukaondolewa. Barua pepe niliyopokea ilieleza kwamba kampuni moja inayouza nakala mpya za kitabu hicho hicho imedai kuwa ndiyo yenye hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapishwa katika kipindi hicho hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo kitabu hicho kiliingia katika milki ya umma, yaani hakimiliki yake ilikwisha, tarehe 1 Januari 2022 na hakuna anayeweza kukidai. Hata hivyo kilikaa nje kwa karibu miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu sikuijua njia ya kisheria ya kukirudisha. Njia hiyo ipo, nayo ni taarifa ya pingamizi, barua ya kulijulisha jukwaa kwamba kazi iliondolewa kimakosa. Inaelezwa katika kifungu cha 512 cha Sheria ya Hakimiliki ya Marekani, kilichoingizwa na Sheria ya Hakimiliki ya Milenia ya Dijitali ya mwaka 1998. Kwa kuwa majukwaa mengi makubwa ya mtandaoni yako chini ya sheria ya Marekani, kifungu hicho humhusu hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga nchi hiyo.

Kabla ya kujaza chochote, hakikisha unajua ni nini hasa kilichoondoa kazi yako. Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Majukwaa huondoa kazi kwa njia mbili zinazofanana kwa nje: ama mtu ametuma taarifa ya kuondoa inayotajwa na sheria, ama programu ya jukwaa yenyewe imelinganisha faili yako na nyingine na kuizuia. Njia ya pili ni utaratibu wa ndani wa kampuni, una fomu yake ya malalamiko, na hauna muda wowote uliowekwa na sheria. Mimi nilijaza fomu hiyo ya ndani nikiamini nimewasilisha pingamizi, nikasubiri jibu, kumbe siku zinazohesabiwa kisheria hazijaanza hata moja. Soma ile barua pepe kwa makini: ikitaja sheria ya mwaka 1998 pamoja na jina la mlalamikaji, unashughulika na taarifa ya kisheria. Kama haisemi, iulize kampuni kwa maandishi, na uombe nakala ya taarifa yenyewe.

Hatua inayofuata ni kujiridhisha kwamba haki iko upande wako, kwa sababu utatia saini tamko lenye uzito wa kiapo. Usiishie kwenye jalada. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, pale yalipochapwa mwaka, mchapishaji na toleo, kisha uupige picha ukiwa wazi na unaosomeka wote. Katika nakala yangu mwaka 1926 ulikuwa umechapwa chini kabisa kwa herufi ndogo, na picha yangu ya kwanza ilikuwa imeukata. Ilinibidi nirudi kwenye kitabu chenyewe. Angalia pia kama nakala uliyoitumia ni toleo la zamani au chapa mpya. Utangulizi ulioandikwa upya, tafsiri mpya au michoro iliyoongezwa ina hakimiliki yake, ingawa haiwezi kuyarudisha maandishi ya zamani mikononi mwa mtu. Mlalamikaji wangu alikuwa ameongeza dibaji ya kurasa nne katika nakala anazouza. Dibaji hiyo ni yake, lakini haikuwemo katika faili yangu, na jambo hilo nililieleza waziwazi.

Wapo wanaodai haki kwa sababu tu wao ndio waliotia kitabu kwenye skana. Katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel ya mwaka 1999, mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba picha inayonakili kwa uaminifu mchoro ulio katika milki ya umma haina ubunifu wa kuipa hakimiliki mpya. Uamuzi huo ulihusu picha za michoro ya sanaa, lakini hoja yake inafaa kutajwa mtu anapodai kumiliki kurasa kwa kazi ya kuzinakili pekee.

Vitabu vya baadaye kidogo vinataka uchunguzi zaidi. Kitabu kilichochapishwa kwanza Marekani kabla ya mwaka 1964 kilipaswa kuhuishwa hakimiliki yake katika mwaka wa 28, na ambacho hakikuhuishwa kiliingia katika milki ya umma. Kwa vitabu, Chuo Kikuu cha Stanford kina hifadhidata ya uhuishaji inayotafutika bila malipo. Lakini usiitumie kanuni hiyo kwa vitabu vilivyochapishwa kwanza nje ya Marekani bila kumwona mwanasheria, kwa kuwa hakimiliki za vingi kati ya hivyo zilirejeshwa tarehe 1 Januari 1996.

Sasa andika taarifa ya pingamizi yenyewe. Haihitaji kuwa ndefu, ila sheria imetaja mambo ambayo ni lazima yawemo: saini yako, ambayo inaweza kuwa ya kielektroniki, maelezo ya kazi iliyoondolewa pamoja na anwani kamili ya mtandaoni ilipokuwa, tamko, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba unaamini kwa nia njema kuwa kazi iliondolewa kwa makosa au kwa kutambuliwa visivyo, kisha jina lako, anwani na namba ya simu. Baada ya hayo linakuja tamko la mwisho, nalo ndilo lililonikwamisha. Ni lazima ukubali mamlaka ya Mahakama ya Wilaya ya Shirikisho ya eneo unakoishi, au, kama unaishi nje ya Marekani, ya wilaya yoyote ambako mtoa huduma anapatikana, na ukubali pia kupokea hati za mashtaka kutoka kwa mlalamikaji. Nilipoandika mara ya kwanza niliiacha sentensi hiyo kwa sababu ilinitisha. Jibu lilikuja baada ya siku tisa likisema tu kwamba taarifa haijakamilika, bila kutaja kilichopungua, na nilipotuma ya pili hesabu ya siku ilianza upya.

Fahamu pia kwamba nakala ya taarifa yako hupelekwa kwa mlalamikaji, pamoja na anwani na simu. Kama kazi ni ya maktaba au chuo, tumia anwani ya taasisi. Kwa maoni yangu hapa sheria imeelemea upande mmoja: anayetaka kazi iondolewe huapa tu kwamba ameruhusiwa kumwakilisha mwenye haki, ilhali anayepinga huapa juu ya kosa lenyewe na kuikubali mahakama. Watu wengi wenye haki kamili huishia hapo, na vitabu vyao havirudi.

Itume taarifa kwa wakala aliyeteuliwa na jukwaa kupokea taarifa hizi, si kwa huduma kwa wateja. Orodha ya mawakala hao hutunzwa na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, na yeyote anaweza kuipekua mtandaoni. Ambatisha picha ya ule ukurasa wa mwaka na mchapishaji, ingawa sheria hailazimishi, kwa sababu husaidia anayesoma kuona kosa mara moja.

Baada ya taarifa iliyokamilika kupokelewa, jukwaa linatakiwa kurudisha kazi si kabla ya siku 10 wala baada ya siku 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji aliarifu kwamba amefungua shauri la kukuzuia. Mwishoni mwa juma na sikukuu hazihesabiwi. Siku ya kumi na nne ikipita bila kitu, mwandikie wakala huyo huyo ukitaja tarehe ya kupokelewa na kifungu cha 512(g), ambacho ndicho kinachoweka muda huo. Mimi niliandika asubuhi ya siku ya kumi na tano, na jioni yake mwongozo ulikuwa umerudi, kurasa zote, na anwani ileile ya zamani.