Somo: Anzeni na akiba, mradi wa pamoja utafuata

Ndugu zangu, vikundi vingi hufa kwa kuanzia mwisho. Fedha za mfadhili zinaingia, mashine inanunuliwa, ikiharibika hakuna anayeiona kuwa yake. Inaniuma, kwa sababu wanaoumia ni walewale waliotaka kujikwamua.

Hatua ya 1. Kusanyikeni watu 15 hadi 25 mnaojuana tabia, muunde kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Cheo cha mtu kisiwe kigezo.

Hatua ya 2. Andikeni katiba yenu: bei ya hisa (yaani kipimo cha akiba ambayo mwanachama anaiweka kikaoni), faini, riba, siku ya kikao. Bei ya hisa ipangwe kwa kumtazama mwenye kipato cha chini kabisa. Mwenye uwezo atanunua hadi hisa tano kwa kikao.

Hatua ya 3. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu tofauti, na fedha zihesabiwe mbele ya wote. Utaratibu wa vikundi vya namna hii ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la misaada la CARE.

Hatua ya 4. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Hapa msiharakishe. Aeleze kikaoni ananunua nini, anamuuzia nani, na fedha zinarudi baada ya siku ngapi. Mchuuzi anaweza kurejesha kila wiki. Mkulima hana kitu mpaka avune, kwa hiyo ratiba ya mchuuzi itamfilisi. Asiyejua hesabu asinyimwe, akae na mwenzake wazipige pamoja.

Hatua ya 5. Baada ya miezi 9 hadi 12, gawaneni akiba na faida kulingana na hisa. Sasa ndipo mjadili mradi wa pamoja, hasa ule unaobeba biashara za kila mmoja, kama ghala au usafiri.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwenzetu kafiwa, marejesho yamekwama. Tumtoze faini?
Jibu: Hapana. Mpeni mkono wa pole kutoka mfuko wa jamii, yaani fungu la kusaidiana wakati wa shida, ambao hauchanganywi na wa mikopo, kisha mwongezeeni muda.

Swali: Mfadhili anataka kutupa mtaji sasa hivi. Tukatae?
Jibu: Mwombeni mafunzo ya kutunza daftari la hesabu kwanza, mtaji usubiri mgao wa kwanza. Fedha za nje zikizidi akiba yenu, watu hulegea kurejesha.

Swali: Kwa nini tujitoze riba wenyewe kwa wenyewe?
Jibu: Kwa sababu inabaki sandukuni. Siku ya mgao inawarudia, na aliyeweka akiba bila kukopa naye anapata chake.