Unakarabati jengo la kihistoria na unataka kuweka sanaa? Anza hivi

Kitu kinachoniuma sana ni kuona jengo zuri limeshakarabatiwa, rangi imekauka, ndo watu wanakumbuka kumtafuta msanii, na hapo anapewa ukuta uliobaki tu. Mwiteni mapema jamani, mkandarasi hajaanza kazi, akae na msanifu majengo na mtu wa uhifadhi, maana kazi yake ikiwa nzito au inataka taa basi nyaya na vishikizo vinapitishwa kabla plasta haijapigwa, sio baadaye mnaanza kubomoa.

Andika maelezo ya kazi, kurasa mbili zinatosha: historia ya jengo, watu gani wanapita hapo, eneo lenyewe, bajeti, tarehe, na vitu ambavyo haviguswi kabisa. Usimwambie achore nini. Chagua wasanii watatu au wanne walete mapendekezo na uwalipe kwa hayo mapendekezo, hata atakayekosa, kwani naye kaumiza kichwa.

Sasa kwenye ukuta ndo penyewe. Kuta nyingi za zamani ni za chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa, ukizipaka rangi ya akriliki, yaani ile ya plastiki, unyevu unanaswa ndani, baada ya muda plasta inavimba inabanduka na mchoro unaondoka nayo. Tumia rangi ya chokaa, au mchoro ukae kwenye paneli iliyoachana kidogo na ukuta hewa ipite. Mimi kipimo changu ni kimoja, je siku hiyo sanaa ikitolewa jengo litabaki zima? Angalia jumba la opera la Palais Garnier kule Paris, mwaka 1964 waliweka dari mpya iliyochorwa na msanii Marc Chagall lakini ile ya zamani ya mchoraji Lenepveu hawakuifuta, mpya ilipachikwa kwenye fremu ya kutolewa na ya zamani ipo nyuma yake mpaka leo. Watu walibishana sana kuhusu ile dari, ila hakuna kilichopotea.

Jengo likiwa limeorodheshwa kama urithi omba kibali mapema, hata tundu la skrubu linaweza kutaka ruhusa.

Kwenye mkataba lipa kwa awamu, andikeni hakimiliki ni ya nani, nani atasafisha, na ikibidi kuondolewa msanii aambiwe kabla. Halafu aache karatasi yenye majina ya rangi na vifaa vyote alivyotumia, itunzwe pamoja na ramani za jengo, maana miaka 30 ijayo atakayekuja kurekebisha hatakuwa na wa kumuuliza.