Kuwinda nyota zinazobadilika mwanga ukiwa juu ya paa Lamu

Kama una kamera inayotoa RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata), lenzi ya kama milimita 100 na tripodi, vya kuanzia unavyo. Lenga M6, lile kundi la nyota karibu na mwiba wa Nge (kundinyota la Scorpius), mwezi wa nane saa tatu usiku liko juu sana upande wa kusini. Shida ni kusi na mawingu yake, kwa iyo jibanze nyuma ya ukuta wa paa tripodi isitikisike, na lenzi uipanguse mara kwa mara manake chumvi ya bahari haina adabu.

Raha ya kundi ni kwamba jirani zote zimo kwenye picha moja, wingu jepesi likipita linazififisha pamoja, ndo maana hupimi nyota peke yake, unaipima kwa jirani zake. Piga picha kama 20 za sekunde 3 au 4, ISO 800, na fokasi iharibu kidogo makusudi nyota zionekane kama vidonge, mwanga usirundikane pikseli moja. Alafu funika lenzi upige zingine kadhaa za giza, hizo ndo programu ya kupimia picha itazitoa kwenye picha zako za nyota, kama kutoa kwenye hesabu.

Kwenye laptopu chukua chaneli ya kijani, pima mwanga wa nyota unayoifuatilia, toa mwanga wa anga ya pembeni, fanya hivohivo kwa jirani mbili zilizotulia, yani mwanga wao haubadiliki. Yako ikisoma 40,000 na jirani 20,000, tofauti ni magnitudi 0.75 (magnitudi ni kipimo cha mwanga wa nyota, namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi). Jirani wa pili kazi yake kukagua tu, hao wawili wakianza kupishana wenyewe usiku huo tupa, hata kama umepata namba tamu vipi.

Jifunzie kwa BM Scorpii, ile ya rangi ya chungwa pembeni ya M6, inatoka magnitudi kama 5.5 hadi karibu 7. Inajikokota, mzunguko wake unapita miaka miwili, kwa iyo kipimo kimoja kwa wiki kinatosha kabisa.

Kutafuta mpya sasa, pima zote kila usiku uone ipi inayumba kuliko wenzake wa mwanga sawa. Za ukingoni mwa picha, zilizobanana na zile kali kupita kiasi usiziamini haraka, mara nyingi zinadanganya. Na muda andika kwa UT jamani, ile saa ya pamoja ya dunia nzima, saa tatu yetu ya usiku ni 18:00, sio 3:00. Kabla hujaanza kushangilia ingia VSX, orodha ya nyota zinazobadilika ya AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota hizo, uone kama ishasajiliwa, na hata ikiwemo vipimo vyako watumie tu, wanapokea.