Kuchonga bata chambo wa mninga

Bata chambo ni sanamu ya bata inayoelea, ya kuwavuta bata hai washuke majini. Huko Marekani, katika pango la Lovelock, Nevada, mwaka 1924 walipatikana bata chambo wa matete wenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Wa mbao walikuja baadaye sana, wengi wakichongwa kwa mierezi myepesi. Kwa fundi wa Tabora, mti ni mninga: ukishakauka haupindi ovyo, na mabaki ya karakana za samani yanatosha.

Mfano mzuri ni bata-miluzi mwenye uso mweupe. Dume na jike wanafanana, hivyo kiolezo kimoja cha katoni kinatosha.

Kwa kiwiliwili, tafuta vipande viwili vya sentimita 30 kwa 15, unene 5, visivyo na moyo wa gogo. Komba kila kimoja kwa ndani kabla ya kuviunganisha. Acha kuta za sentimita 2, na 3 pale shingo itakapokaa. Usiruke hatua hii: bata asiyekombwa huzama mno, tena mbao nene hukauka nje kabla ya ndani, ikapasuka. Bandika kwa gundi isiyoyeyuka majini, funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, acha saa 24.

Kichwa ndicho kinachowashinda wengi. Nyuzi za mbao lazima zifuate urefu wa mdomo. Zikiukata, mdomo utavunjika siku ya kwanza. Lakini hapo shingo inabaki dhaifu, kwa kuwa nyuzi zinaikata kwa upana. Dawa yake ni pini ya mti ya milimita 10, ipite katikati ya shingo hadi kiwiliwilini. Toboa tundu kipande kikiwa bado na pembe za mraba. Kikishakuwa mviringo, kekee huenda upande.

Punguza kwa tezo, kisha patasi, tupa na msasa, namba 80 hadi 240. Kata ukishuka kutoka kilele cha mgongo kwenda mkiani, halafu kwenda kifuani. Ukipandisha, patasi inachimbua nyuzi. Funika pua, vumbi la mninga linawasha.

Paka rangi ya kwanza, kisha muweke kwenye beseni la maji. Akilala ubavu, funga nati chini ya tumbo kwa mpira, ukizisogeza mpaka asimame sawa; ndipo ukaze chuma cha uzito huohuo kwa skrubu. Usitumie madini ya risasi kama uzito, ni sumu kwa ndege.

Rangi ya mwisho isiwe ya kung'aa, maana mng'ao juani huwashtua bata. Uso mweupe, kisogo na tumbo vyeusi, kifua cha hudhurungi nyekundu, mbavu zenye mistari. Usihangaike kuchora manyoya mojamoja, bata aliye angani hayaoni.