Kadi ya mkono uliyopewa: jinsi ya kuitumia tena au kumpa mtu mwingine bila kuumbuka

Jamani leo tuongelee hizi kadi za mkono, zile mtu amekaa chini akakata manila, akabandika kipande cha kitenge au maganda makavu ya mgomba, akachora chora, halafu akakupa. Wengi wetu tunazo zimejaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati, kuzitupa roho inauma, kuzitumia tena unaona kama utachekwa. Mi nasema tumia tu, ila kuna namna yake, na hiyo namna nimeijua baada ya kuumbuka.

Ilikuwa hivi. Wifi yangu anatengeneza kadi za kitenge, ana mkono mzuri sana, nilipojifungua akanitengenezea moja. Mwaka uliofuata bethdei ya mama mkwe ikanikuta sina hili wala lile, nikaichukua ileile kadi, nikabandika karatasi nyeupe juu ya maneno ya wifi, nikaandika ya kwangu, nikajiona mjanja. Sasa mama siku hiyo hana miwani, si akampa wifi asome! Wifi akaangalia kile kitenge, kumbe ni baki la gauni lake mwenyewe, akaiinua kadi kwenye mwanga wa dirisha na kakaratasi kangu kalivyokuwa kepesi maneno yake yote yakasomeka, "hongera kwa kupata mtoto". Mama mkwe ana miaka 67. Watu walicheka mpaka wakalia, mimi nikaenda jikoni kuangalia wali ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, geuza kadi uangalie nyuma, ujue ni ya nani. Kama ilitengenezwa ya kuuzwa, mfano zile za michoro ya Tingatinga wanazouza pale Oysterbay, Dar es Salaam, karibu na Morogoro Stores, au za maganda ya mgomba kwenye maduka ya vinyago, hiyo haina shida, fundi alishalipwa na akisikia kazi yake inazunguka mikononi mwa watu anafurahi tu. Kitu kimoja: jina lake liache. Wachoraji wengi wa Tingatinga wanasaini mbele pale pembeni chini, na ukipunguza kadi iingie kwenye bahasha ndogo kitu cha kwanza kuondoka ni ile kona, sasa umebaki na twiga asiye na mwenyewe. Punguza upande mwingine, au tafuta bahasha kubwa. Kama jina liko nyuma na nyuma unapatupa, liandike upya kwa peni ndogo, "kadi imetengenezwa na fulani", basi.

Kama aliitengeneza mtu kwa ajili yako wewe, hapo tulia. Ukiwa na mazoea naye muulize tu, "ile kadi yako nzuri naomba nimpelekee mama kanisani, una neno?" Tisa kati ya kumi atakwambia peleka, na atafurahi kwamba bado unayo. Ila kadi aliyotengeneza mtoto, yenye jua lenye macho na mama mwenye miguu mirefu kuliko nyumba, hiyo haiendi popote, hata ukiwa nazo arobaini. Na za rambirambi pia usizitumie tena, hata ua likiwa zuri vipi, ua la msiba linajulikana.

Kuna wanaopewa pakiti, labda kadi 10 tupu ambazo rafiki ametengeneza. Hizo alikupa uzitumie, usizifiche kabatini mpaka gundi iachie, gawa. Unachotakiwa ni kumuuliza kwanza ukitaka kuziuza, hata kama ni mnada wa kuchangia jumuiya, maana mtu anaweza kukupa bure halafu akaumia kuona bei. Na akikuuliza mtu "umetengeneza mwenyewe?" sema hapana papo hapo, kabla hajaanza kusifia, maana ukimeza sifa ya kwanza ya pili inakuwa ngumu kuikataa, na ya tatu unaambiwa umtengenezee hamsini za send-off ya binti yake.

Haya, zilizoandikwa ndani. Usifanye kama mimi kubandika karatasi juu ya maneno. Kata uso wa mbele peke yake, ile ya ndani yenye maneno ibaki kwako kama kumbukumbu (mi naziweka kwenye albamu), halafu ule uso ubandike kwenye manila mpya. Vipimo ni rahisi: karatasi ya A4 ikate katikati, kila kipande ukikunja unapata kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Uso wa zamani ukiukata kama sentimita 9 kwa 13 unakaa pale juu na kuacha kafremu pembeni, inapendeza kweli. Kabla ya kukunja manila pitisha rula na peni iliyoisha wino kwenye mstari wa katikati, bila hivyo inakunjika kama kitambulisho kilichofuliwa na suruali.

Gundi ya maji usiimwage, karatasi inakunjamana, tumia ya kijiti au paka ya maji kidogo sana kwa kidole halafu weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kwa za maganda ya mgomba vitabu visiwe vizito hivyo, yale maganda yakikauka yanapasuka, na usijaribu kunyoosha kwa pasi kama alivyofanya mtu mmoja ninayemjua (mimi). Kitenge kinachochanika nyuzi pembeni pakaa gundi kidogo kwenye ukingo, acha ikauke, ndiyo ukate. Selotepu achana nayo, baada ya muda inakuwa ya njano. Na kabla ya kukata chochote fungua kadi na bahasha uangalie ndani, kuna watu walikuwekea elfu kumi mwaka juzi na hukuiona.

Halafu kubwa kuliko yote, usirudishe kadi kwenye watu walewale. Ikitoka ukweni isirudi ukweni, ikitoka kazini ipeleke kanisani, ya kanisani peleka kwa majirani. Mi siku hizi kadi ikifika tu naandika kwa penseli nyuma imetoka kwa nani na mwaka gani, nikiitoa nafuta. Ukisahau kufuta ni kesi nyingine.

Kupiga picha ukaprinti nyingi sasa hilo ni jambo tofauti kabisa, watu wanachanganya. Karatasi uliyopewa ni yako, gawa unavyotaka, ila mchoro bado ni wa aliyechora, na kwetu Tanzania kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, hivyo omba ruhusa. Hata kule Nevada, Marekani, kuna kituo cha watoto kinaitwa St. Jude's Ranch kilichojulikana kwa kupokea kadi zilizotumika, watoto walikuwa wanakata uso wa mbele na kubandika kwenye karatasi mpya, lakini kadi za kampuni za Hallmark na Disney walikuwa hawazitaki, waliogopa mambo ya haki za wenyewe. Na kadi ya mwaliko wa harusi, ile yenye single au double, usimpe mtu kienyeji hata kama ni ya mkono na huendi, ile ni kiti na sahani ya mtu, ongea na kamati kwanza.

Ikitokea wewe ndiye uliyetengeneza, ukakutana na kadi yako sebuleni kwa mtu usiyemjua, nyamaza. Isifie kama wengine. Kadi ikihamishwa ina maana kuna mtu aliona ni nzuri mno kuitupa. Kama hutaki ihame kabisa basi andika jina la mtu mbele, kubwa, katikati ya pambo.

Wifi ndivyo alivyofanya. Bethdei yangu iliyofuata akaniletea kadi ya kitenge kilekile cha lile gauni, mbele kashona kwa uzi mwekundu: KWA WIFI, HAIHAMI.